Safu Mbili Zisizolingana: Ukosoaji wa Istilahi za Uhasibu wa Gharama katika Kihispania na Kiingereza

1. Utangulizi

Orodha nyingi za istilahi za biashara zinazotumiwa na wafasiri na wanafunzi zina umbo moja. Upande wa kushoto limeandikwa neno la Kiingereza, upande wa kulia limeandikwa neno la Kihispania, na kati yake pameachwa nafasi nyeupe. Nafasi hiyo haisemi kitu, lakini inadai jambo kubwa: kwamba maneno hayo mawili yana thamani moja, na kwamba aliyelijua moja amekwisha kulijua la pili. Makala haya yanalipima dai hilo katika tawi moja la uhasibu, yaani uhasibu wa gharama, ambao kazi yake ni kujibu swali linaloonekana jepesi: kitu hiki, hadi kukamilika, kimegharimu kiasi gani?

Msomaji wa Kiswahili nchini Kongo aweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Jibu limo katika sheria. Mkataba wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zilizolinganisha sheria zao za biashara, ulitiwa sahihi Port-Louis tarehe 17 Oktoba 1993 na kurekebishwa Québec tarehe 17 Oktoba 2008. Marekebisho hayo yaliweka lugha nne za kazi: Kifaransa, Kiingereza, Kihispania na Kireno. Kihispania kina mwenyewe katika jumuiya hiyo, nayo ni Guinea ya Ikweta. Tafsiri zikihitilafiana, matini ya Kifaransa ndiyo inayoshika. Kongo iliingia mwaka 2012, na tangu 2018 biashara zake zimewekwa chini ya mfumo wa uhasibu wa jumuiya hiyo kama ulivyorekebishwa mwaka 2017. Kwa hiyo mhasibu wa Lubumbashi anakaa kisheria nyumba moja na Kihispania na Kiingereza. Kiswahili, kinachosemwa sokoni, karakanani na machimboni, hakimo katika hesabu hiyo. Siku kitakapotakiwa kuingia, hatakosekana mtu wa kuongeza safu ya tatu kando ya zile mbili. Kabla ya siku hiyo, inafaa kuuliza kama safu hizo mbili za kwanza zinastahili kuigwa.

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba tofauti ya sauti kati ya nchi na nchi, ambayo ndiyo hulalamikiwa sana, haina madhara makubwa. Madhara yako kwenye maneno yanayofanana sura huku kila lugha ikiwa imeyawekea mpaka mahali pengine. Orodha ya safu mbili huonyesha lile la kwanza na kuficha hili la pili.

2. Kiingereza si kimoja

Orodha hizo huichukulia safu ya Kiingereza kama mizani iliyokwisha kusawazishwa, na Kihispania kama mzigo unaopimwa juu yake. Historia haikubali. Uhasibu wa gharama ulipata vyama vyake vya kitaalamu Uingereza na Marekani mwaka mmoja, 1919, lakini kila upande ulijenga msamiati wake. Vyama vyote viwili viliacha baadaye neno “cost” katika majina yao na kushika neno la menejimenti: kile cha Uingereza kikaitwa CIMA mwaka 1986, kile cha Marekani kikaitwa IMA mwaka 1991. Hata hapo tofauti ilibaki, kwa kuwa Waingereza huandika “management accounting” na vitabu vingi vya Marekani huandika “managerial accounting”.

Mfano ulio wazi zaidi ni “stock”. Kwa mhasibu wa Uingereza ni bidhaa zilizomo ghalani. Kwa Mmarekani, ambaye bidhaa hizo huziita “inventory”, neno hilo lamaanisha hisa za kampuni. Mfano mwingine ni gharama za kiwanda zisizoweza kufungwa kwenye bidhaa moja: mshahara wa msimamizi, umeme wa taa, kodi ya jengo. Waingereza wa zamani walisema “oncost”, yaani kitu kinachoongezwa juu ya gharama. Wamarekani walisema “burden”, yaani mzigo. Leo pande zote mbili husema “overhead”, kitu kilicho juu ya kichwa. Hapana hata jina moja kati ya hayo matatu linaloeleza kiini cha jambo, ambacho ni kwamba gharama hizo hazifuatiliki hadi kwenye bidhaa na kwa hiyo lazima zigawanywe kwa kanuni iliyochaguliwa na mtu.

Basi anayetafsiri kutoka Kiingereza hatafsiri dhana tupu. Anatafsiri uamuzi wa watu fulani, wa mahali fulani, na pengine mafumbo ya lugha yao.

3. Mito miwili ya Kihispania

Kihispania cha uhasibu kimenyweshwa na mito miwili. Mto wa kwanza watoka Ufaransa. Mpango Mkuu wa Uhasibu uliotangazwa Hispania mwaka 1973 ulifuata kwa karibu mpango wa Kifaransa wa 1957, na mwaka 1978 uliongezewa kundi la 9 kwa ajili ya “contabilidad analítica”, jina linaloakisi moja kwa moja “comptabilité analytique” ya Kifaransa. Msomaji wa Kongo atalitambua mara moja, kwani katika mfumo wa OHADA nako uhasibu wa aina hiyo umewekwa katika daraja la 9. Hispania yenyewe, katika mpango wake wa 2007, ililipa kundi la 9 kazi nyingine kabisa.

Mto wa pili watoka Marekani. Katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini, vitabu vya kufundishia vilikuwa tafsiri za vitabu vya Marekani au viliandikwa kwa kuvifuata. Huko jina ni “contabilidad de costos”. Hispania huandika “costes”. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila mkosoaji huligusa, na wengi huishia hapo. Chuo cha Lugha cha Hispania kinayakubali yote mawili, “coste” na “costo”, na hakuna mhasibu wa Bogotá aliyewahi kukosea hesabu kwa kusoma kitabu cha Madrid chenye herufi “e” mahali pa “o”. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya mitaani huko Hispania “costo” huweza pia kuwa jina la hashishi, lakini hakuna anayelitafuta hilo katika daftari la kiwanda. Tofauti ya namna hiyo ni kama ile ya “mahesabu” na “hesabu”: sikio linaistukia, akili haipotei.

Mambo hubadilika katika zile gharama za kiwanda zisizofuatilika. Hispania huandika “gastos generales” au “costes indirectos”. Ajentina wana “carga fabril”, ambayo inabeba taswira ileile ya “burden” ya Marekani. Kolombia wana “costos indirectos de fabricación”, na hulifupisha kwa herufi CIF. Lakini herufi hizohizo katika biashara ya kimataifa ni bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli hadi bandari ya kufikia. Mtu anayesoma hesabu za mwagizaji wa bidhaa aweza kukutana na CIF mbili katika ripoti moja, zenye maana mbili zisizo na udugu. Hapa orodha ya safu mbili ingekuwa na kazi ya kufanya. Ila kwa kawaida huorodhesha maneno na kuviacha vifupisho.

4. Neno lipi hutangulia?

Kiini cha ukosoaji huu ni maneno matatu ambayo orodha huyaweka bila wasiwasi: “cost” ni “coste”, “expense” ni “gasto”, “payment” ni “pago”. Kila mstari ukisomwa peke yake waonekana sahihi. Yakiunganishwa katika kazi, yanapishana.

Chukua mfano wa tanuri la mikate. Mwenye tanuri ananunua magunia ya unga mwezi wa Januari, kwa mkopo. Analipa mwezi wa Februari. Mwezi wa Machi unga unakandwa na kuokwa. Mkate unauzwa Machi hiyohiyo, mwingine Aprili.

Katika vitabu vya Hispania vya uhasibu wa gharama, mafundisho ya kawaida ni haya: “gasto” hutokea pale kitu kinaponunuliwa, yaani Januari, “pago” hutokea fedha zinapotoka, yaani Februari, “coste” hutokea pale kitu kinapotumika katika utengenezaji, yaani Machi. Coste ni matumizi ya kitu yaliyotiwa thamani. Gasto hutangulia, coste hufuata, na unga uliobaki ghalani ni gasto ambayo haijawa coste.

Katika vitabu vya Marekani mpangilio umegeuka. Unga ulionunuliwa Januari umekwisha kuwa “cost”: ndiyo thamani yake ghalani. Unabaki kuwa cost ukiwa unga, ukiwa kinyunga na ukiwa mkate rafuni. Unakuwa “expense” siku mkate unapouzwa, kwa maana cost hiyo imekwisha muda wake na inapelekwa kukabili mapato ya mauzo. Cost hutangulia, expense hufuata.

Mfasiri mwenye orodha mkononi ataandika gasto kila aonapo expense, na coste kila aonapo cost. Kila neno litakuwa limetafsiriwa, na mwendo mzima utakuwa umepinduliwa. Mwanafunzi atakayesoma kwamba gasto ni coste iliyokwisha muda wake, halafu katika kitabu kingine akasoma kwamba coste ni gasto iliyotumika, hatakuwa mjinga akichanganyikiwa. Amepewa mafundisho mawili chini ya jina moja.

Tena Kihispania chenyewe kina gasto mbili. Mpango wa 2007 unaifafanua gasto kuwa upungufu katika mali halisi ya wenye kampuni, maana iliyo karibu na expense ya Kiingereza. Basi neno moja, katika ofisi moja, lina maana moja kwa anayefunga hesabu za mwaka na nyingine kwa anayekokotoa gharama ya mkate. Wahispania wanalijua tatizo hili: AECA, chama chao cha uhasibu na uongozi wa biashara kilichoanzishwa mwaka 1979, kimetoa tangu 1990 mfululizo wa nyaraka za uhasibu wa menejimenti ambamo kupambanua dhana kumepewa nafasi kubwa. Kazi ya aina hiyo haiwezi kutoshea katika safu mbili, kwa kuwa inaeleza wakati, na safu haina mahali pa wakati.

5. Mitego minne midogo

Mtego wa kwanza ni “costing”. Kiingereza kina wepesi wa kuligeuza neno lolote kuwa jina la kitendo. Hispania hueleza kwa maneno mawili, “cálculo de costes”, yaani ukokotoaji wa gharama. Amerika ya Kilatini imeunda “costeo” kutokana na kitenzi “costear”. Neno ni fupi na limeenea, lakini “costear” katika Kihispania cha kila siku ni kulipia, kubeba gharama za jambo. Baba anayemsomesha mwana hufanya costear. Kwa hiyo neno la kupima gharama limechomolewa katika neno la kuzibeba.

Mtego wa pili ni “direct costing”. Mwaka 1936 Jonathan N. Harris aliandika katika jarida la chama cha wahasibu wa gharama cha Marekani makala yaliyoupa umaarufu utaratibu wa kuhesabu katika bidhaa zile gharama tu zinazopanda na kushuka pamoja na wingi wa kazi. Jina lililoenea, “direct costing”, si zuri hata kwa Kiingereza, kwa sababu utaratibu huo huchukua pia gharama zisizo za moja kwa moja, mradi zinabadilika. Ndiyo maana Wamarekani wengi walihamia “variable costing”. Lakini Kihispania kilikuwa kimekwisha kupokea lile la zamani: mahali pengine likiachwa katika Kiingereza chake, mahali pengine likageuzwa “costeo directo”. Kosa likitafsiriwa kwa uaminifu hubaki kosa, tena hupata urithi katika nchi ya pili baada ya kukataliwa katika ya kwanza.

Mtego wa tatu ni ile idadi ya mauzo ambayo chini yake biashara hupata hasara na juu yake hupata faida. Kiingereza husema “break-even point”. Hispania ina “punto muerto”, nukta iliyokufa, na pia “umbral de rentabilidad”, kizingiti cha faida. Yote mawili yana ndugu zake katika Kifaransa. Amerika ya Kilatini husema “punto de equilibrio”, nukta ya usawa. Majina haya yanaelekeza kwenye tarakimu ileile, ila yanampa mwenye biashara ushauri tofauti. Aliye katika usawa anaweza kutulia. Aliye katika nukta iliyokufa anapaswa kuogopa. Aliye kizingitini anajua kwamba bado hajaingia ndani. Kati ya matatu hayo, kizingiti ndicho kinachosema kweli.

Mtego wa nne ni “amortización”. Hispania hulitumia kwa kupunguza thamani ya mashine na pia kwa kupunguza thamani ya hataza au leseni, kama Kifaransa kinavyotumia “amortissement”. Marekani hugawa: “depreciation” ni ya mashine, “amortization” ni ya vitu visivyoshikika, na nchi nyingi za Amerika ya Kilatini zimefuata mgawanyo huo. Kwa msomaji wa Kongo hatari ni maradufu, kwa sababu “dépréciation” ya Kifaransa si “depreciation” ya Kiingereza. Ile ya Kifaransa ni anguko la thamani lisilotazamiwa; ile ya Kiingereza ni mgawanyo wa kila mwaka uliopangwa tangu mwanzo. Herufi karibu zote ni zilezile, na hesabu ni mbili.

6. Shaba na kobalti: jina linapobadili tarakimu

Mtu aweza kusema kwamba haya yote ni ugomvi wa wanaisimu. Katanga inatoa jibu kwa mawe yake. Katika machimbo mengi ya jimbo hilo la zamani, shaba na kobalti hutoka katika jiwe moja. Gharama za kuchimba, kusaga na kuyeyusha hadi pale metali hizo zinapotengana haziwezi kusemwa kuwa za shaba wala za kobalti. Kiingereza huziita “joint costs”, Kihispania “costes conjuntos” au “costos conjuntos”. Mpaka hapo safu mbili zinalingana. Tatizo ni hatua inayofuata: je, kobalti ni “coproducto”, bidhaa mwenza, au ni “subproducto”, bidhaa ya ziada?

Uchukuliwe mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi. Gharama hadi mahali pa kutengana ni 600. Zinapatikana tani 90 za shaba zinazouzwa kwa 8 kila tani, jumla 720, na tani 10 za kobalti zinazouzwa kwa 28 kila tani, jumla 280. Metali hizo zikiitwa bidhaa wenza na gharama ikagawanywa kwa uzito, shaba inabeba 540, yaani 6 kwa tani. Zikiitwa bidhaa wenza na gharama ikagawanywa kwa thamani ya mauzo, shaba inabeba 432, yaani 4.80 kwa tani. Kobalti ikiitwa bidhaa ya ziada, mapato yake yote ya 280 yanaondolewa katika gharama, na shaba inabaki na 320, yaani takriban 3.56 kwa tani. Jiwe ni lilelile, wachimbaji ni walewale, faida ya jumla ni 400 katika hali zote tatu. Gharama ya tani ya shaba ndiyo imetoka 6 ikafika 3.56, kwa nguvu ya jina.

Chile, ambayo kwa miaka mingi imeongoza dunia kwa wingi wa shaba, inaijua hesabu hii kwa upande wa molibdeni. Katika taarifa zake za shaba, kipimo kinachotangazwa huitwa mara nyingi kwa Kiingereza, “cash cost”, pamoja na alama C1, hata katika matini ya Kihispania. Kipimo hicho hutolewa baada ya kupunguza mapato ya bidhaa za ziada. Kukiacha bila kukitafsiri ni kumwachia msomaji wa kawaida tarakimu ndogo bila kumwonyesha mkono ulioipunguza. Hapa Kihispania, chenye maneno yote yanayohitajika, kimejinyamazisha chenyewe.

Nchini Kongo maneno ya gharama yaligusa hazina ya taifa. Chini ya Kanuni ya Madini ya 2002, mrabaha ulihesabiwa juu ya thamani ya mauzo baada ya kutoa gharama za usafirishaji, za uchunguzi wa ubora, za bima na za uuzaji. Kila kitu kilichoweza kuitwa kwa majina hayo kilipunguza kiasi kilichotozwa. Marekebisho ya 2018 yaliweka msingi mwingine, thamani ghafi ya kibiashara, na yakapandisha kiwango cha shaba kuwa asilimia 3.5. Mwaka huohuo kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, yenye kiwango cha asilimia 10. Metali ambayo mhasibu aweza kuiita bidhaa ya ziada, sheria imeiita ya kimkakati. Wala hakuna aliyesema uongo: kila mmoja ametumia jina linalofaa kwa kazi yake. Raia anayesoma majina hayo mawili katika ripoti moja ndiye anayehitaji kuelezwa.

7. Safu ya tatu

Ikiwa Kihispania, lugha ya nchi zaidi ya ishirini zenye vyuo na vyama vya wahasibu, kimeingia katika mitego hii, Kiswahili kina faida ya kuitazama kabla ya kuipita.

Kiswahili kina maneno matatu yaliyo tayari: “gharama”, “matumizi” na “malipo”. La tatu halina shida. Ni pago, ni fedha kutoka. La pili limetokana na kitenzi “kutumia”, na kwa mzizi wake lingefaa sana kueleza kile Wahispania wanachokiita coste, yaani kitu kutumika katika utengenezaji. Lakini katika lugha ya bajeti, “mapato na matumizi”, neno hilo limekwisha kushikwa na maana ya fedha zinazotumika, iliyo karibu na gasto. La kwanza lilitoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya faini au kitu ambacho mtu analazimika kukilipa; katika Kiswahili limepanuka hadi kufunika karibu kila kitu. Orodha ikiandika tu “cost: gharama, expense: gharama, matumizi”, itakuwa imeingiza katika Kiswahili ule mkanganyiko wa tanuri la mikate, tena bila hata kuwa na maneno mawili ya kupishana.

Mtego wa costeo nao unasubiri. Mtu mwenye haraka ataunda “ugharamiaji” kwa ajili ya costing. Lakini “kugharamia”, kama costear, ni kubeba gharama za jambo. Kamati hugharamia harusi; haiipimi. “Ukokotoaji wa gharama” ni refu zaidi na ni la kweli zaidi. Kwa upande mwingine, kuna mahali ambapo Kiswahili kina uwezo kuliko majirani zake. Robin Cooper na Robert Kaplan walipoeneza, kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, utaratibu wa kufuata gharama kwa njia ya shughuli, Kiingereza kilitumia “cost driver”, mwendeshaji wa gharama. Hispania ilichagua “inductor de coste”. Kwingine kukaandikwa “generador”, na hata “conductor”, neno ambalo kwa msomaji wa kawaida ni dereva. Kiswahili hakihitaji dereva: “kisababishi cha gharama” kinaeleweka mara ya kwanza kinaposikika, kwa kuwa umbo la neno lenyewe linasema kazi yake.

Mtego ulio mkubwa zaidi, hata hivyo, uko ndani ya Kiswahili chenyewe, na orodha zinazoandikwa Dar es Salaam au Nairobi haziwezi kuuona. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, “kuuza” ni kununua. Anayetoa bidhaa na kupokea fedha “anauzisha”. Istilahi kama “gharama za kuuza” ina maana moja kwa mhasibu wa pwani, na kwa mama wa sokoni wa Kenya au wa Katuba, mitaa ya Lubumbashi, yaweza kumaanisha fedha alizotoa kuipata bidhaa. Hii si tofauti ya coste na costo. Hii ni tofauti ya gasto na expense: neno moja, pande mbili za biashara. Vivyo hivyo, anayesoma “bilioni” katika Kiswahili sanifu anasoma kile ambacho Kongo, kwa kufuata Kifaransa, huita “miliari”. Na “billón” ya Kihispania ni kubwa kuliko hiyo mara elfu moja.

8. Hitimisho

Orodha ya safu mbili isihukumiwe kupita kiasi. Kwa mfasiri ambaye tayari anaijua kazi ya uhasibu katika lugha zote mbili, ni chombo cha kumkumbusha, na chombo cha kukumbusha hakilazimiki kufundisha. Kasoro yake ni kukabidhiwa kwa mtu asiyejua, na kuchukuliwa kuwa kielelezo cha kuingiza lugha nyingine katika taaluma.

Kwa Kiswahili, na hasa kwa Kiswahili cha Kongo ambacho kitakutana na istilahi hizi kwa kupitia Kifaransa kinachoshika kisheria, kila ingizo la uhasibu wa gharama linahitaji mambo manne. Kwanza, wakati: neno linaanza kutumika kitu kinaponunuliwa, kinapolipiwa, kinapotumika au kinapouzwa? Pili, mahali: ni matumizi ya nchi gani na ya vitabu gani? Tatu, jirani: ni neno lipi lililo karibu nalo, na mpaka wao uko wapi? Nne, mfano wenye tarakimu, ili anayesoma aone kiasi kikihama jina linapohama. Ingizo la namna hiyo litachukua nusu ukurasa badala ya mstari mmoja. Orodha ya maneno elfu moja itapungua ikawa ya maneno hamsini. Lakini mwanachama wa ushirika wa wachimbaji anayeambiwa kwamba katika bei ya mzigo wake “gharama” zimeondolewa, atakuwa na maneno ya kuulizia: ni gharama zipi, za wakati gani, na nani aliyezipa jina hilo.